Usimuulize "unaendeleaje": namna ya kumfuatilia kwa simu mgonjwa aliyerudi kijijini baada ya upasuaji

Siku ya saba baada ya operesheni nilipiga simu, akapokea mwanaume. "Mama anaendeleaje na kidonda?" "Vizuri tu dokta, tunamshukuru Mungu." Nikaandika kwenye daftari: anaendelea vizuri. Nikaweka alama ya vema, nikahamia mstari unaofuata.

Siku ya kumi na mbili yule mama akaletwa kwa pikipiki, amekaa upande, kaka yake amemshikilia kwa nyuma, kanga imelowa usaha na mshono umeachia upana wa vidole viwili. Mume wake hakuwa ameongopa. Alikuwa kambini anavua dagaa, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na mara ya mwisho kumwona mkewe ilikuwa siku tuliyompa ruhusa. Aliyekosea ni mimi, niliyeuliza swali la salamu nikapewa jibu la salamu, tena na mtu ambaye hayupo nyumbani.

Mama alipona, baada ya wiki tatu za kusafishwa kidonda na kushonwa upya. Daftari nililianza upya ukurasa wa kwanza.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, mkoa wa Rukwa. Wagonjwa wetu wanatoka juu Ufipa kwenye baridi na mahindi, wanatoka bondeni Ziwa Rukwa ambako mvua zikishika kuna barabara za mteremko hazipitiki siku kadhaa, na wengine wanatoka mwambao. Tunafanya upasuaji wa uzazi, ngiri, mabusha, tezi dume, na mifupa ya vijana wa bodaboda. Mama wa upasuaji anaruhusiwa siku ya tatu au ya nne kwa sababu kitanda kinasubiriwa, ilhali maambukizi ya kidonda mara nyingi yanajitokeza kati ya siku ya tano na ya kumi. Kitaalamu kidonda kinahesabiwa kuwa bado chetu mpaka siku 30, na hata siku 90 kwa baadhi ya operesheni za kuweka vyuma. Kwa hiyo shida ikija, inamkuta akiwa kwao, kilometa mia moja na ushee kutoka hapa, na kinachotuunganisha ni simu ya kitochi.

Ninachoeleza hapa hakihitaji kompyuta wala programu yoyote. Kinahitaji simu moja ya wodi, daftari kubwa la kaunta, kifurushi cha dakika za mitandao yote, na mtu mmoja mwenye zamu ya kupiga kila siku. Usitumie namba yako binafsi. Nilifanya hivyo mwaka mzima, nikawa napigiwa saa nane usiku na watu wanaouliza dawa ya minyoo.

KAZI INAANZIA KITANDANI

Ufuatiliaji wa simu unafaulu au unaharibika kabla mgonjwa hajatoka wodini. Namba iliyoandikwa kwenye faili usiiamini. Mara nyingi ni ya aliyemsindikiza, na aliyemsindikiza anaweza kuwa shemeji wa mjini aliyempokea stendi tu.

Siku moja kabla ya ruhusa, kaa naye. Chukua kiti kabisa, usisimame. Muulize: simu hii ni ya nani? Mwenye simu analala nyumba moja na wewe? Kwenu mtandao gani unashika, na unashika ukiwa wapi? Kuna anayeniambia, "Unashika pale kwenye kichuguu nyuma ya kanisa," na hilo naliandika, maana ndilo linaloniambia kwamba mchana sitampata. Simu inachajiwa wapi?

Nachukua namba tatu. Ya kwanza ni ya simu inayolala nyumba anayolala mgonjwa, hata kama ni ya mtoto. Ya pili ni ya mwanamke atakayemhudumia: mama mzazi, mama mkwe, dada, jirani. Sina ugomvi na akina baba, lakini anayefua kanga ndiye anayejua kidonda kinatoa nini. Ya tatu ni ya mtu asiyehama: mwenye duka, mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii, au mwenye kibanda cha kuchaji simu. Huyu wa kibanda ni dhahabu. Anajua simu ya nani iko kwake tangu jana, na mwenyewe atakuja kuichukua saa ngapi.

Namba zote zijaribiwe pale pale. Mwambie mgonjwa abipu simu ya wodi kutoka kila simu iliyopo, na wewe ubipu nyingine zisizokuwepo. Tumeokoa namba nyingi zenye tarakimu iliyopinda kwa njia hiyo. Kisha namba ya wodi ihifadhiwe kwenye simu yake, kwa jina ambalo yeye mwenyewe atalitambua. Asiyesoma tunamwekea herufi AAA ili ikae juu kabisa ya orodha. Namba hiyo hiyo iandikwe kwa kalamu nzito kwenye kadi ya ruhusa, na kadi iingie kwenye mfuko wa nailoni.

Kuna mambo mengine mawili ya kitandani ambayo watu wanayaruka.

La kwanza ni matapeli. Vijijini sasa simu ya namba ngeni inaogopwa, na wana haki: ni nani hajatumiwa ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Kwa hiyo mwambie mapema: tutakupigia kwa namba hii, hatutakuomba pesa, hatutakuomba namba ya siri, na nitajitambulisha kwa namba ya kitanda chako. Ukisikia "kitanda cha 14" ujue ni sisi. Asiyetaja kitanda, mkatie.

La pili ni siri. Muulize akiwa peke yake: nikipiga akapokea mtu mwingine, niongee naye au nikate? Mzee aliyetolewa busha anaweza kuwa amewaambia majirani alikwenda kutibiwa mgongo. Mama aliyefunga kizazi wakati wa upasuaji anaweza kuwa hakumwambia mama mkwe. Mbele ya jina lake naandika MT, yaani "mwenyewe tu", na aliyekuja zamu baada yangu anajua maana yake. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ridhaa hii ni ya kisheria pia, lakini hata kabla ya sheria mtu alikuwa na aibu yake.

Mstari mmoja wa daftari langu unasomeka hivi:

Kitanda 14. Upasuaji wa uzazi, tarehe 3. Ruhusa tarehe 7. Simu 1 ya mume (KAMBINI, usimtegemee). Simu 2 mama mkwe, anakaa naye, baada ya saa 12 jioni. Simu 3 kibanda cha chaji, M-Pesa inatokea jina la kiume, ni sawa. Kisukuma. Nyuzi tarehe 12, zahanati ya kwao.

Hilo la jina la M-Pesa lina sababu yake. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, wasio na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au mjomba. Siku ukituma nauli, jina litakalotokea halitakuwa la mgonjwa, na bila maandishi utasita, au utatuma pasipo.

SIKU NA SAA

Napiga siku ya tatu baada ya ruhusa, siku ya saba na ya kumi na nne baada ya operesheni, kisha siku ya 30 kufunga hesabu. Ukiwa na dakika chache kabisa, usiiache ya saba.

Saa ni jambo la kujifunza kwa kila kijiji. Msimu wa kupanda, kuanzia Novemba hivi, watu wanaondoka kwenda shamba alfajiri, simu inabaki nyumbani imezimwa kutunza chaji. Hapo napiga saa 12 asubuhi au saa 1 jioni. Wavuvi wa dagaa ni kinyume: wanavua kwa taa usiku wa giza na kulala asubuhi, kwa hiyo mvuvi unampata alasiri, na mbalamwezi ikiwa pevu unampata muda wowote kwa sababu hawaingii majini. Siku ya mnada nayo ni nzuri, kijiji kizima kinakuwa sehemu yenye mtandao. Niliwahi kumtafuta mzee mmoja wa tezi dume siku sita. Siku ya mnada akapokea mlio wa kwanza, akiwa kwenye foleni ya nyama choma.

KUULIZA

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, nami nitakaa kidogo.

Kiswahili chetu kina adabu inayomficha mgonjwa. Ukisema "habari za kidonda", jibu limeshawekwa mdomoni mwake: nzuri. Ukisema "hujambo", atasema sijambo hata akiwa na homa. Mtu aliyefiwa leo asubuhi anasema salama kwanza, ndipo aseme "ila". Kwa hiyo salimia vizuri, shikamoo kwa mkubwa, ulizia watoto, acha salamu ziishe zote. Usizikatishe, utaonekana huna adabu na hutaambiwa kitu. Zikishaisha, anza maswali ambayo "nzuri" haiwezi kuyajibu.

Mimi nauliza vitendo na vitu. Usiku wa jana umelala ubavu gani? Umeamka mara ngapi kwa maumivu? Nani aliyekuchotea maji leo? (Akisema "nimechota mwenyewe" siku ya sita baada ya upasuaji wa ngiri, hapo kuna mazungumzo mengine.) Umekula nini, na hicho chakula kimetulia? Choo umepata lini? Hewa inapita? Hili la hewa, yaani kujamba, wauguzi wapya wanaona aibu kumuuliza mzee kwenye simu. Uliza tu kwa heshima, wazee wenyewe wanajibu wanacheka. Weka mgongo wa kiganja juu ya ngozi kando ya mshono, kisha weka kwenye paja: wapi pana joto zaidi? Swali hilo linashinda kuuliza kama kuna wekundu, maana kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani kirahisi. Nauliza kama ngozi imevutika inang'aa, kama imekaza, kama maumivu ya leo yamezidi ya juzi. Kidonda kinachopona kinapungua kuuma kila siku. Kikirudi nyuma, hata bila usaha, nakitilia shaka.

Sikiliza na maneno. "Tunashukuru" peke yake, bila kitu mbele yake, si habari njema. "Naendelea naendelea" ni mbaya. "Hivyo hivyo tu" ni mbaya zaidi.

Nikupe simu moja jinsi ilivyokwenda. Aliyepokea ni mama mkwe.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, kitanda cha 14. Habari za hapo nyumbani?"
"Salama tu. Mtoto ananyonya."
"Na mzazi?"
"Salama, tunashukuru."
"Mama, uko naye karibu? Naomba utembee mpaka alipo, usikate simu."

Nasikia hatua, kuku, mlango wa bati.

"Nimefika."
"Kabla hujampa simu. Kanga aliyolalia jana ameifua nani?"
"Mimi."
"Ilikuwa na nini?"

Kimya. Kisha, kwa sauti ya chini: "Ilikuwa na majimaji."
"Yanafanana na nini?"
"Kama togwa."
"Yana harufu?"
"Ee. Tangu juzi."

Dakika moja nyuma alikuwa ameniambia salama. Ulinganisho wa togwa ulinitosha kuliko maelezo ya daktari. Waache watu wafananishe kwa vitu vyao: uji, maziwa yaliyoganda, maji ya nyama. Usiwape majibu ya kuchagua.

Swali la mwisho ambalo silisahau ni hili: kidonda kimewekwa nini? Usiulize "umeweka kitu?" kwa sababu atasema hapana. Uliza kana kwamba unajua: "Mmeweka dawa gani?" Utasikia. Kuna wanaofungua kapsuli za rangi mbili na kumwaga unga juu ya mshono. Kuna majivu, kuna dawa ya meno, kuna majani yaliyotwangwa. Na kwa mama wa upasuaji kuna kukandwa. Bibi anachemsha maji, anachovya kitambaa, anamkanda tumbo kama alivyokandwa yeye, kisha anamfunga mkaja. Bibi huyu hana ubaya, anafanya alichofundishwa kwa mzazi aliyejifungua kwa njia ya kawaida. Usimkemee. Mimi namwambia, "Mama, huyu mwenzetu tumbo limeshonwa matabaka, ukilikanda nyuzi za ndani zinalegea. Mkande mgongo na miguu, tumbo tuachie sisi." Anabaki na kazi ya kufanya, na tumbo linapona. Nilipokuwa nakataza tu, walikuwa wanakanda na kunificha.

Kisukuma sikijui. Bondeni wako wafugaji wengi Wasukuma, na bibi zao Kiswahili ni cha salamu. Wodini kwetu kuna mhudumu wa usafi anayekijua. Simu za mstari ulioandikwa "Kisukuma" tunapiga pamoja, spika ya sauti ikiwa imewashwa na mlango umefungwa. Ameelezwa juu ya siri kama muuguzi yeyote, na ameweka saini.

UKISHASIKIA, AMUA

Kila simu lazima iishie kwenye moja ya maamuzi matatu: aje sasa, aje kesho, abaki. Usiache "tutaangalia".

Aje sasa hivi, hata usiku: damu inayolowesha kitambaa kimoja baada ya kingine, homa ya kutetemeka, tumbo limevimba gumu, anatapika, hewa haipiti, mkojo umekoma, au mpira wa mkojo umeziba, mguu mmoja umevimba na unauma kwenye msuli wa nyuma, au anahema kwa shida na kifua kinabana, taya zinakaza, mama aliyejifungua anatoka damu nyingi au uchafu wenye harufu kali pamoja na homa, au aliyefungwa plasta ngumu ya mfupa vidole vyake vimekuwa baridi au vimekufa ganzi. Mshono wa tumbo ukifunguka mpaka ndani, afunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, asile wala asinywe, na mtu asijaribu kurudisha kitu ndani.

Aje kesho kwa gari la kwanza: majimaji mazito, harufu, uzi ulioachia, ngozi ya joto inayong'aa, maumivu yanayozidi. Hapo hapo napiga zahanati ya kwao, maana wakati mwingine tabibu wa pale anaweza kumwona leo leo na kunipigia. Yule wa togwa alionwa zahanati jioni ile, akaanzishiwa dawa, asubuhi akapanda gari.

Abaki: kuwasha, ganzi kidogo kuzunguka mshono, uvimbe mdogo mgumu kama kamba chini ya kovu usio na joto wala maumivu. Mweleze ni nini, la sivyo ataenda kwa mganga.

Baada ya kutoa maelekezo mwambie ayarudie. Usiseme "umenielewa?" maana ataitika. Sema, "Niambie utakavyomweleza mwenzako." Nusu ya wakati unagundua wewe ndiye uliyeeleza vibaya.

PICHA

Simu janja zimefika vijijini, na picha ya kidonda inasaidia. Rwanda, katika Hospitali ya Wilaya ya Kirehe, wahudumu wa afya ya jamii walipewa simu wakapiga picha vidonda vya akina mama waliofanyiwa upasuaji wa uzazi, siku kama kumi baada ya operesheni, ili vitazamwe kwa mbali. Sisi tunafanya kwa udogo wetu.

Tatizo langu kubwa ni simu inayopiga. Mgonjwa mwenye kitochi ataazima ya kijana wa bodaboda, na tumbo la mama wa watu linabaki kwenye simu ya bodaboda, au linaingia kundi la WhatsApp la kijiji. Kwa hiyo napokea picha kutoka simu ya mgonjwa mwenyewe, ya ndugu aliyemchagua, au ya mhudumu wa afya ya jamii. Picha za kuazima sitaki.

Maelekezo yangu kwa mpigaji: toka nje kivulini, mchana, usiwashe taa ya simu. Piga mbili, moja ya mbali ionyeshe sehemu yote, moja ya karibu. Weka kiberiti kando ya kidonda ili nijue ukubwa, lakini kisiguse. Uso usionekane, jina lisiandikwe. Ukishatuma na mimi nikijibu "imefika", futa mbele ya mgonjwa. Na hata picha ikiwa safi, bado nitapiga simu, kwa sababu harufu na joto havipigwi picha. Nimewahi kupokea picha ya mshono mzuri kabisa, mkavu, na mwenye nao alikuwa anatetemeka homa: usaha ulikuwa chini.

NAULI

Mara nyingi "nitakuja kesho" maana yake ni "sina nauli". Uliza waziwazi: nauli ipo? Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kuwatumia wagonjwa wa fistula nauli kwa M-Pesa, wakati huduma yenyewe ilikuwa na mwaka mmoja tu nchini, na wanawake waliokuwa wamekaa miaka majumbani wakaanza kufika. Sisi hatuna mfuko wa namna ile. Tuna kisanduku cha wodi, na mganga mfawidhi ametupa kibali cha kukitumia kwa wale wa "sasa hivi". Ukituma, tuma na ya kutolea, la sivyo makato yataipunguza na nauli haitatosha. Mara nyingine namtumia dereva wa bodaboda moja kwa moja, nusu akianza safari, nusu akimfikisha getini.

Kwa mama aliyejifungua au kichanga chenye dharura, mwambie mtu yeyote wa nyumbani apige 115. Ni bure, ni mfumo wa m-mama, unatafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliye karibu, na dereva analipwa na mfumo. Iandike namba hiyo kwenye kadi ya ruhusa kabisa, chini ya ya wodi.

UJUMBE, NA WASIOPATIKANA

Ujumbe mfupi nautumia kukumbusha tu. Hauulizi kitu wala hautaji operesheni, kwa sababu anayesoma huwa ni mtoto wa darasa la tano kwa sauti mbele ya familia. "Kitanda 14, kesho ni siku ya kwenda zahanati. Beba kadi. Wodi." Basi. Kutoa nyuzi, kusafisha, tohara, kizazi, hayo yote yasemwe kwa mdomo. Wakikubipu au wakikutumia "tafadhali nipigie", piga siku hiyo hiyo. Mgonjwa akibipu mara mbili bila kupigiwa, ya tatu haiji.

Asipopatikana, jaribu mara tatu kwa saa tofauti, asubuhi, jioni na siku inayofuata, ndipo uende namba ya pili, kisha ya tatu. Ukifika kwa mwenye duka au mwenyekiti wa kitongoji, usiseme sababu. "Naomba umwambie wa kitanda cha 14 abipu wodi" inatosha, na wanazoea. Ikishindikana kabisa siku ya saba, mhudumu wa afya ya jamii anakwenda kwa miguu. Kwenye daftari "hakupatikana" iandikwe hivyo hivyo, pamoja na tarehe na saa. Usiandike "anaendelea vizuri" kwa mtu usiyesikia sauti yake. Hiyo najisemea mwenyewe.

Siku ya 30 nauliza maswali machache, narudia makatazo yaliyobaki (wa ngiri mizigo bado wiki kadhaa, mama wa upasuaji mimba inayofuata ajifungulie hospitali), napiga mstari mwekundu. Jina limefungwa. Lakini namba ya wodi hawaifuti, na baada ya miezi utaona bipu. Si yeye mgonjwa. "Dokta, hapa kwetu kuna jirani ana uvimbe shingoni miaka minne, anaogopa kisu. Hebu ongea naye." Kurasa za nyuma za daftari nimezitenga kwa ajili ya hao. Naandika kijiji, naandika mtandao gani unashika, naandika nani anafua kanga zake.